Rejeta ya Shaba na Maji ya Pwani

Ukiingia na rejeta ya shaba kwenye vibanda vya vyuma kuukuu vya Ukunda siku hizi, hakuna atakayekuuliza imetoka kwenye gari gani. Itatundikwa kwenye mizani, utatajiwa bei, basi. Shaba ndiyo bwana wa mizani hiyo. Alumini inafuata kwa mbali, na chuma cha kawaida hubebwa kwa sababu tu kipo kingi. Januari 2022, minara ya umeme ilipoanguka na lawama zikawaendea wezi wa vyuma, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima. Mei mwaka huohuo marufuku ikaondolewa na mizani ikarudi kazini. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Haimtaki ajue kwamba rejeta aliyoiponda kwa nyundo ilikuwa ya Datsun 240Z, na kwamba huenda asione nyingine mpaka anazeeka.

Mwaka huu mpwa wangu alinipigia simu kuhusu jambo hilohilo. Ana gereji kando ya barabara ya Lunga Lunga, na mteja mmoja kijana alikuwa amemletea mabaki ya 240Z kutoka bara.

"Shikamoo mjomba. Rejeta imeoza, shingo ya termostati imelika, pampu ya maji inalia. Mteja anataka tutupe vyote, tuweke vya kisasa. Rejeta ya zamani keshaipimisha kilo. Nakuuliza wewe kwa sababu gari hii ulishaifungua."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia tu asiruhusu kitu chochote kipelekwe kwenye mizani.

Kwa wasiolijua gari lenyewe: Datsun 240Z ni gari la michezo la Kijapani lililotoka mwisho wa 1969, bati lake refu mbele, dogo nyuma. Afrika Mashariki ilililea kama mwanawe. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena, japo Mehta alilingana adhabu na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, na ikabidi itazamwe nani alikwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Sisi watoto wa Msambweni tulilijua kwa picha za magazeti ya kufungia chapati. Injini yake ina silinda sita kwa mstari mmoja, ujazo wake 2,393 sm³: bloku ya chuma cha kusubu, hedi ya alumini, rejeta ya shaba. Metali hizo tatu zishike, maana ndizo kisa kizima.

Gari nililofungua mimi lilikuwa la Bhai mmoja wa Mombasa aliyekuwa na nyumba Diani. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalipowatimua watalii, hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine, na wenye nyumba za ufukweni wengi wakaacha kuja. Z ikabaki chini ya banda la makuti, upepo wa kusi ukiipulizia chumvi, na maji yakiwa palepale ndani ya injini. Kilichomrudisha Bhai ni habari za mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, zilizoanzishwa 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari ya kwanza ya 1953. Hakutaka kushindana. Alitaka msimu ule ukifika naye awe barabarani na gari lake, basi. Akalivutisha kwa kamba mpaka gereji tuliyokuwa tukifanya kazi, mimi nikiwa kijana wa spana.

Fundi wetu mkuu tulimwita Ami. Ufundi wake haukutoka kwenye magari. Aliupata Ramisi, kwenye kiwanda cha sukari, kabla hakijafungwa 1988. Watu wa huku wakizungumza Ramisi huzungumza miwa, mishahara iliyokatika na mashamba yaliyorudi vichaka. Ami alizungumza mabomba. Kiwanda cha sukari, alituambia, ni mahali ambapo maji matamu huchemshwa ndani ya mabomba usiku na mchana, na ndani ya kila bomba ukoko hujijenga. Kazi yake ya ujana ilikuwa kuingia na wenzake kila mitambo iliposimamishwa, kusugua bomba moja moja, kuziba lililotoboka, kulehemu palipoachia. Kiwanda kilipokufa, wanaume waliojua shaba, mvuke na risasi ya kulehemu walitawanyika kuanzia Lunga Lunga hadi Likoni, na asiyepata kazi akafungua kibanda. Nusu ya mafundi wa rejeta wa miaka yangu walitoka huko au walifunzwa na waliotoka huko. Nimesoma makala nyingi kuhusu anguko la Ramisi. Sijaona hata moja inayotaja kwamba kwa karibu miaka ishirini baada ya hapo magari ya kusini yalipozwa kwa elimu ya kiwanda hicho.

Siku ya kuifungua Z, Ami alianza na kizibo cha pembeni ya bloku, kile cha kutolea maji. Alikitoa, hakikutiririka kitu. Akaingiza waya, akachokonoa, kikaanza kushuka kitu kizito chekundu kama uji wa wimbi. Alikipangusa kwenye kidole gumba, akakisugua, akanionyesha chembe nyeupe zilizokuwa zikimeta ndani ya wekundu. "Nyekundu ni kutu ya bloku," akasema. "Hii nyeupe ni hedi."

Alipofungua shingo ya termostati, ile kona ya alumini inayopeleka maji ya moto kwenye rejeta, ndani mlikuwa mtupu. Termostati ilikwisha kutolewa zamani. Hili nalo ni jambo letu: kote Afrika Mashariki gari likichemsha, fundi wa kwanza hutoa termostati na kuitupa, na mwenye gari humshukuru. Hoja ni kwamba huku kuna joto, kifaa cha nchi za baridi cha nini? Lakini termostati ya Z hufunguka kwenye nyuzi 82, na iliwekwa pale ili injini ifike upesi kwenye joto lake la kazi na ikae hapo. Ukiitoa, injini huzunguka ubaridini safari nzima fupi ya Diani hadi Ukunda, inakunywa petroli zaidi, na unyevu hauchomeki kwenye oili. Na gari lililokuwa likichemsha kwa sababu rejeta imeziba bado litachemsha, ila utachelewa kujua.

Ile shingo yenyewe ndiyo iliyonifunza zaidi. Nje ilikuwa nzima. Ami akauvua mpira, akapitisha ukucha pale ulipokuwa umebanwa: alumini ilikuwa na vishimo vingi vidogo, vingine vikiwa vimekaribia kutokea upande wa pili. Akaeleza bila kuinua kichwa. Shaba ya rejeta na alumini ya hedi zimeunganishwa kwa bati na bolti za gari. Ukiongeza maji ya chumvi kati yake umetengeneza betri. Katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Haijalishi gari linatembea au limelala. Likilala ni baya zaidi, kwa sababu hakuna anayebadilisha maji.

Hapo ndipo lilipokuja swali ambalo hakuna mtu katika gereji aliyekuwa amejiuliza: maji yale yalitoka wapi? Kutoka kisimani, naam, kwenye ua wa nyumba. Na kisima cha Diani kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake yamepita kwenye chokaa, na karibu na ufuko chumvi ya bahari huingia chini kwa chini. Aliyekuwa akiijaza Z kila inapopungua alikuwa akiimiminia chokaa na chumvi kwa nia njema. Ami alituonyesha kwa kikombe. Akachemsha maji ya kisima kwenye kisufuria mpaka yakaisha, akachemsha ya bomba, kisha ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Ya kisima yaliacha tabaka jeupe unaloweza kuandika jina juu yake. Ya bomba yaliacha pete nyembamba. Ya mvua yaliacha doa ambalo hata kuliona ilibidi uinamishe sufuria. Tangu siku ile gereji yetu ikawa na pipa la mvua ya masika lenye kifuniko, na ole wake aliyenawia mikono humo. Baadaye tulipoanza kupata kulanti na maji ya betri kwa urahisi tuliyachanganya nusu kwa nusu, na pipa likabaki la kuoshea.

Rejeta ndiyo kazi iliyochukua muda. Rejeta ya aina ile imeundwa ili ifunguliwe, na hili mtu wa leo hulipita bila kulitazama. Matangi mawili ya shaba ya manjano, juu na chini; katikati mirija bapa imesimama, na kati ya mirija mapezi membamba ya shaba nyekundu; vyote vimeshikwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi unaoyeyuka kwenye nyuzi mia mbili hivi au chini yake. Shaba yenyewe haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 900. Kwa hiyo mwali mdogo ukizungushwa taratibu ukingoni, risasi inang'aa, inalegea, na tangi linanyanyuka lote bila kuumizwa. Ndivyo tulivyofanya. Chini yake ikaonekana safu ya midomo ya mirija, na mingi ilikuwa imeziba kwa ukoko mweupe mgumu.

Kijana mwenzangu alikwenda kuleta asidi ya betri. Ami alimrudisha nayo. Alikata kipande kidogo kwenye pezi lililokwisha pinda, akakilowesha kwenye ukwaju, vile mama zetu wanavyosugua sinia za harusi, akakitazama mpaka kesho yake. Shaba ilirudi rangi, haikulika. Basi akanunua unga wa asidi ya limau, akaukoroga kwenye maji ya moto, akaizamisha rejeta nzima. Ilitoa povu mchana kutwa. Kisha akapitisha vyuma vyembamba bapa, mrija mmoja mmoja, juu hadi chini, vyuma alivyokuwa amevichonga mwenyewe kutokana na misumeno iliyokatika. Akaisuuza kwa maji ya magadi kuua asidi iliyobaki.

Kwa upande wa alumini mambo hayakwenda hivyo. Shingo ya termostati na bamba la pampu vilipelekwa kwenye karakana moja ya Mombasa iliyosifika kwa kusafisha injini. Walivitumbukiza kwenye pipa lao la moto la magadi makali, kostiki, lililokuwa likisafisha bloku za malori. Kostiki hung'arisha chuma, alumini huila. Bamba lilikuwa limelazwa juu ya wavu na liliokolewa likiwa limebadilika rangi tu. Shingo ilirudi imekonda, tundu za bolti zimepanuka. Karakana haikuomba radhi, ilituambia kitu kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Bhai aliposikia alinyamaza, akauliza tu kama kuna nyingine Japani. Ilikuwepo, kwa bei, na kwa kusubiri. Ami hakukubali. Alikwenda nayo mwenyewe kwa mtu wa bandarini aliyekuwa akichomelea alumini za mashua kwa gesi ya argoni, akasimama nyuma yake mpaka shingo ikajazwa tena nyama, kisha tukaichonga kwa tupa, na uso wa gasketi tukausugua juu ya kioo kilichotandikwa msasa. Haikuwa nzuri. Ilishika.

Pampu ilikuwa rahisi kuliko tulivyohofia. Maduka ya spea yalikuwa na pampu mpya za bei nafuu, nyepesi, mhimili wake ukicheza hata kabla ya kufungwa. Ami alitaka beringi na sili tu. Mwili wa pampu ya zamani ulikuwa mzima, mnene, umesubiwa na watu ambao hawakuhesabu gramu. Tukaupasha moto kidogo, tukasukuma mhimili wa zamani nje na mpya ndani. Hiyo ndiyo habari yote ya pampu.

Baada ya kulehemu tangi, rejeta ilizamishwa kwenye nusu pipa la maji, matundu yamezibwa kwa mipira ya baiskeli, ikapulizwa kwa pampu mpaka shinikizo la kifuniko chake, kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba. Shinikizo hilo si mapambo. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100 hapa usawa wa bahari, na kwenye nyuzi 94 au 95 Nairobi. Chini ya kifuniko kizima hayachemki mpaka yakaribie 120. Wengi waliokuja kwetu na gari linalochemsha walihitaji kifuniko tu, na tuliwauzia kifuniko tu, jambo ambalo mwenye gereji hakulipenda.

Nizungumze risasi hapa, kwa sababu wanaosifu ufundi wa zamani huiruka. Ami alilehemu miaka yote bila barakoa, ndani ya kibanda, moshi ukimpita usoni, na sisi tukiwa tumeinama karibu ili tuone. Hatukujua. Mombasa ilikuja kujua kwa uchungu: Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto kwa wakubwa, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi iliyozidi kupanda ngazi za rufaa baadaye. Kulehemu rejeta si kuyeyusha betri, lakini sumu ni ileile. Anayetaka kurithi kazi ya Ami airithi akiwa nje, upepo ukimpigia mgongoni, na anawe kabla ya kugusa chakula. Mpwa wangu ana watoto wadogo. Hilo nimemwambia kabla ya jambo lingine lolote.

Jaribio la Z lilikuwa foleni ya feri ya Likoni. Sasa kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa, wengi watasahau foleni ile ilikuwaje kwa injini ya zamani: mteremko, jua la saa nane, lami inafuka, hatua tatu mbele, simama, hatua tatu, simama. Hakuna upepo wa mwendo. Kinachopoza ni feni peke yake, na feni haipozi kama halijafungwa kava linaloizunguka, maana bila hilo huvuta hewa ya pembeni na kuacha rejeta kavu. Kava la Z tulilikuta limetumika kufunikia kuku, tulilirudisha. Tulikaa kwenye foleni ile Bhai akiwa usukani, Ami kando, mimi nimekunjwa nyuma kwenye nafasi ya mizigo. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukasimama. Dereva wa matatu ubavuni alipiga kelele, "Mzee, toeni termostati hiyo, mtaunguza gari!" Ami alimpungia mkono. Matatu yake ndiyo iliyofungua boneti kabla ya kuingia feri.

Gari lile halipo tena Kenya. Bei za 240Z zilipopanda duniani, Bhai alipata mnunuzi wa Ulaya, na sikumlaumu. Nilisikitika kwa sababu nyingine: lilikwenda kwa watu wenye orodha ndefu ya spea, likaondoka kwa watu waliojifunza juu yake. Kila mwaka pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwenye Concours d'Elegance ambayo klabu ya wenye Alfa Romeo imeiandaa tangu 1970, utaona magari yaliyong'arishwa mpaka uvunguni. Nayapenda. Lakini hakuna jaji anayeshusha tangi la rejeta kutazama mirija.

Basi nikamjibu mpwa wangu. Nikamwambia rejeta mpya ya alumini ni nyepesi, inapoza vizuri, na kama mteja anataka kwenda kushindana, aifunge bila kuona haya. Hata Safari Classic yenyewe, Björn Waldegård aliyeshinda 2011 na Stig Blomqvist aliyeshinda 2015 walikuwa kwenye Porsche 911, injini isiyo na rejeta wala tone la maji, na hakuna aliyewaambia wamekiuka ukale. Lakini zile za bei nafuu zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya alumini hazifunguliki. Chokaa ikiingia, unatupa. Plastiki ikipasuka, unatupa. Kwa gari litakalokaa Diani, likitembezwa Jumapili, na kujazwa maji na yeyote aliye karibu, mimi nachagua kitu ninachoweza kukifungua.

"Na fundi wa kukifungua yuko wapi, mjomba?"

Hapo alinibana. Ami alifariki, Mungu amrehemu, na wanafunzi wake wengi wanaendesha bodaboda. Rejeta tumeikomboa, tukalipia kilo zake, na kazi ya mirija nitaifanya mwenyewe, nje, chini ya mwembe, yeye akitazama. Pampu inahitaji beringi. Kilichobaki ni shingo ya termostati, na yule mchomeleaji wa bandarini simpati tena.

Mpwa wangu ana wazo lake. Amempata fundi anayesubu sufuria za alumini kwa kalibu ya mchanga, na anataka shingo mpya isubiwe kwa kuyeyusha pistoni kuukuu, ya zamani ikitumika kama kielelezo. Mimi nasema alumini ya kibanda huwa na vitundu vya hewa ndani, maji ya moto yenye shinikizo yatavipata. Yeye anasema sufuria ya fundi huyo inapikia pilau la watu mia tatu na haijavuja. Nimemwambia sufuria haina kifuniko cha kilo 0.9. Amesema ataifanya nene. Kalibu imekwisha kutengenezwa; ninavyoona mimi itavuja chini ya bolti ya kushoto, na nimemwachia pampu ya baiskeli aipime mbele yangu.